Dumu Lililobonyea Barazani

Wapendwa, mnaijua baridi ya Julai ya huku kwetu milimani, ile inayomfanya mzee wa kanisa aimbe huku meno yanagongana. Mnacheka, na mwenyewe yupo hapo mbele ananitazama!

Basi, Julai moja kama hii, palikuwa na mama mjane muuza maziwa, akiishi na mama mkwe wake. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Walibaki wao wawili, na ng'ombe mmoja.

Mama huyu alipenda usafi kupita kiasi. Kila jioni alisuuza dumu la maziwa kwa maji yanayochemka, akayamwaga, na papo hapo akakaza kifuniko ili vumbi lisiingie. Kisha akaliacha barazani. Asubuhi moja akalikuta limebonyea ubavu mzima. Akachukua jingine, nalo likabonyea. La tatu, vilevile.

Nyumba ina watu wawili. Wewe ungemshuku nani?

"Mama," alimwambia mkwewe, "kama hunitaki hapa, sema. Usiniharibie riziki."

"Mwanangu, sijaligusa."

"Kumbe limejikanyaga lenyewe?"

Bibi akanyamaza. Tangu hapo hakula vizuri, wala hakutoka kuota jua na majirani.

Siku ya tatu baada ya maneno hayo, mama akalibeba dumu moja hadi kituo cha maziwa, akamweleza mpokeaji yote, na machozi juu. Yule kijana akaligeuzageuza.

"Unalifunga likiwa bado la moto?"

"Ndiyo. Siku zote."

"Basi hakuna aliyelikanyaga, mama. Hewa ya moto ikipoa humo ndani, nguvu yake inapungua. Hewa ya nje haijapungua kitu, ndiyo inayolisukuma. Na wiki hii mawingu yameondoka, baridi imezidi mpaka umande unaganda. Liache lipoe wazi, ndipo ufunge."

Akafungua kifuniko. Hewa ikaingia kwa mluzi, na ubavu ukaanza kurudi nje taratibu.

Mama huyo mbio mpaka nyumbani. Akamkuta bibi amekaa kitandani, anafunga nguo zake kwenye kanga.

"Mama, nisamehe! Ni baridi tu. Hukulikanyaga wewe."

Bibi akaiachia kanga. "Kweli, mwanangu? Mimi nilishaanza kuamini kwamba ni mimi. Nilidhani akili imeniacha, kwamba naamka usingizini nakuharibia vitu bila kujijua. Nikasema heri niondoke."

Mmesikia, wapendwa? Siku tatu tu za maneno, na asiye na kosa amejihukumu mwenyewe! Tena huyu ni mama aliyemzika mwanawe. Ndani alikuwa ameshapoa, hana nguvu ya kujibu. Tukamsukuma kutoka nje mpaka akabonyea. Nasema tuka-, maana na mimi nimewahi kufanya hivyo nyumbani kwangu, na roho inaniuma ninapowaambia.

Sisi tuna haraka ya kumtafuta mkosaji, wala hatuulizi aliyenyamaza amebeba nini. Mungu atuhurumie.

Leo baada ya ibada msinisubiri mlangoni kunipa mkono. Nendeni nyumbani moja kwa moja. Kuna mtu jikoni kwako amekaa kimya tangu Alhamisi, na wewe unajua ulimwambia nini.