Vikombe vya Zarnush

Hadithi inabisha hodi, wenyewe mpo? Basi ipokeeni.

Huko Uajemi, ukingoni mwa jangwa, palikuwa na mji mdogo wa Zarnush. Maji yake yalikuwa ya jini wa kisimani. Kila asubuhi ya Nairuzi, siku ya mwaka mpya, watu waliweka kisimani kikombe kimoja kwa kila aliye hai, na jini akatoa maji kwa kadiri ya vikombe. Angekuta cha maiti, mji wote ungekauka. Zamani vikombe vilizunguka kisima chote. Vita na ukame vikavipunguza hadi vikabaki upande mmoja.

Mwaka huo Mahbanu aliweka viwili: chake, na cha mwanawe Behzad aliyekwenda vitani.

Jini akauliza, "Hiki cha nani?"

"Cha mwanangu."

"Cha nani?"

"Cha Behzad."

Jirani akafoka, "Shangazi, nina watoto wachanga! Nguo zake zililetwa, ukaziosha damu mwenyewe!"

"Cha nani?"

Mahbanu akakitazama. "Si cha mtu," akasema, akakiondoa.

Maji yakabubujika, watu wakashangilia. Mahbanu akanywa kikombe chake chote, akaenda kufagia ua.

Hadithi imekunywa maji, inaaga.