Nyumba ya Nakijwa na Ulimi wa Sekiete

— Paukwa, waungwana!
— Pakawa, tunakusikia!
— Mmekaa?
— Tumekaa!
— Na masikio je?
— Yamekaa mbele yetu!

Basi sogeeni. Zamani hizo, zamani kweli, kabla vilima havijagawana majina, palikuwa na mwanamke mjane jina lake Nakijwa. Alikaa kijiji cha Ndeme, juu kabisa mlimani, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho. Ukiipita nyumba hiyo unakuta chemchemi. Ukiipita chemchemi unakuta mawe na nyani, basi.

Njia ya kwendea majini ilikata katikati ya ua wa Nakijwa. Asubuhi watu wanapita na vibuyu. Jioni watu wanapita na vibuyu. "Hodi, mama!" "Piteni!" Hajawahi kumzuia mtu hata siku moja.

Sasa miguu ya Nakijwa ikachoka. Binti yake, Namkunda, aliyeolewa kule bondeni, akapanda mlima kumwambia, "Mama, mwaka huu umeanguka mara tatu. Mara ya nne nitaitwa kuja kukuzika. Uza nyumba, uje ukae na mimi."

Nakijwa akanuna. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili hakusema neno. Siku ya tatu akasema, "Nitauza. Lakini nitauza mimi, na nitamuuzia mtu ninayemtaka mimi. Asije mtu akanitoa humu kama kuku aliyeingia jikoni."

Mnamsikia huyo mwanamke?

Habari ikashuka mlima. Wa kwanza kufika alikuwa Sekiete, tajiri wa ng'ombe, mjumbe wa baraza la wazee, mtu ambaye hata akikohoa watu wanaulizana amesema nini. Alikaribishwa kigoda, hakukaa. Alisimama uani na fimbo yake ya mpingo. Nyumba hakuitazama. Alitazama chemchemi.

"Mama Nakijwa, nyumba hii naichukua mimi."

"Utaishi humu, baba?"

"Niishi? Mimi nina nyumba nne! Hii nitaibomoa. Nitazungusha ua wa miiba, pale nitaweka lango. Anayetaka maji atabisha hodi kwangu."

"Na kama hupo?"

"Atangoja."

Nakijwa akachukua ufagio. Akaanza kufagia pale pale aliposimama Sekiete. Akafagia vidoleni, Sekiete akarudi hatua. Akafagia tena, Sekiete akarudi tena. Akafagia mpaka mgeni akajikuta yuko nje ya ua.

"Kwaheri, baba," akasema Nakijwa.

Sekiete akaondoka bila kujibu. Mtu wa namna hiyo akiondoka kimya, wenzangu, mfuatilieni.

Nakijwa akaanza kuiandaa nyumba. Akachanganya udongo mwekundu na samadi, akakandika kuta, na kila alipopitisha kiganja alikutana na kitu. Ukuta huu aliujenga mwenyewe, mumewe akiwa safarini kutafuta chumvi. Ulipinda, na mumewe aliporudi aliucheka mwezi mzima. Kwenye dari, moshi wa miaka arobaini ulikuwa umeganda. Na kwenye kona ile ya ndani, mwanawe wa kiume alilala na homa siku saba, na siku ya nane hakuamka.

Hapo konani Nakijwa hakukandika haraka. Aliweka kiganja, akakiacha. Kisha akasema kwa sauti, kama mtu anayegombana na jirani, "Sikuachi kwa kuwa nimeshindwa. Nakuacha kwa kuwa nimemaliza. Umesikia?" Akachota udongo, akaendelea.

Wanunuzi wengine wakaja. Wa kwanza alikuwa mfuga nyuki. Akaitazama nyumba, akaipenda, akasema, "Kesho narudi." Hakurudi. Wa pili alikuwa mhunzi. Akaitazama nyumba, akaipenda, akasema, "Kesho narudi." Hakurudi. Wa tatu alikuwa mfinyanzi, mwanamke kijana jina lake Nambike, akiwa na mumewe Mbonea. Wakaitazama nyumba, wakaipenda, wakasema, "Kesho tunarudi."

Kesho yake Nambike akarudi, peke yake, uso ameuinamisha.

"Shikamoo, mama. Nimeona vibaya kukukimbia kimya kimya. Mume wangu anaogopa. Kuna mtu anasimama pale njia panda, anamwambia kila anayetoka kwako kwamba nyumba hii ina nuksi. Anasema ndiyo iliyomla mumeo, ikamla na mwanao."

"Mtu gani?"

"Ana fimbo ya mpingo."

Nakijwa akakaa chini, pale pale penye vumbi. Sikilizeni. Angesema nyumba inavuja, Nakijwa angecheka. Angesema ina mchwa, angecheka. Lakini mtoto wake! Mtoto aliyemkanda kwa maji ya vuguvugu usiku na mchana, leo ametiwa kinywani mwa Sekiete ili bei ishuke!

Kisha akanyanyuka, akajipangusa vumbi.

"Mwanangu, umeniheshimu kwa kuniambia. Mwambie mumeo anisubiri siku tatu tu. Halafu mje barazani, mkae mbele."

Siku hizo tatu Nakijwa alitembea. Kwa magoti yale yale mabovu, alitembea nyumba hadi nyumba, akizungumza na wanawake wazee. Alisema nao nini? Msiwe na haraka.

Siku ya baraza ikafika. Wazee wamekaa, Sekiete amekaa katikati yao, kijiji kimejaa. Nakijwa akapiga goti.

"Wazee wangu, nasikia nyumba yangu ina nuksi. Mimi ni mwanamke tu, mambo hayo siyajui. Namwomba baba Sekiete anieleze. Nuksi hiyo humpata nani?"

Sekiete akavimba kifua. Alidhani mama amesalimu amri. "Kila aliyelala humo! Kila aliyekula humo! Kila aliyezaliwa humo!"

"Na kati ya hao, baba, nani mbaya zaidi?"

"Aliyezaliwa humo! Huyo imemwingia damuni, haitoki!"

"Jamani! Na mtu kama huyo afanywe nini?"

"Asikae na wazee barazani! Asigawiwe maji ya mfereji wa mashambani! Ng'ombe wake wasichungwe pamoja na ng'ombe wa watu!"

Mkuu wa baraza akamgeukia. "Sekiete, hayo unayasema mbele yetu sote?"

"Nayasema, na nayarudia!"

"Ahsante, baba," akasema Nakijwa, akanyanyuka. "Wazee wangu, mama mkwe wangu alikuwa mkunga, na alizalisha humo humo. Wote mnajua. Basi naomba waliojifungulia kwangu wajitaje."

Akasimama mwanamke wa kwanza. "Mimi nilijifungulia humo. Mwanangu ni yule anayelinda mfereji."

Watu wakanong'ona.

Akasimama wa pili. "Mimi nilijifungulia humo. Binti yangu ndiye mke wa mkuu wa baraza."

Watu wakacheka. Mkuu wa baraza akajikuna shingo.

Akasimama wa tatu. Huyu alichukua muda. Alikuwa bibi aliyepinda mgongo, anashikiliwa huku na huku. Mlikuwa hamjamjua? Ni Bibi Namcheja, mama mzazi wa Sekiete!

"Mimi nilikuwa natoka kuchota maji," akasema. "Mvua ya mawe ikanikuta uani pale, na uchungu ukanikuta pamoja nayo. Nilijifungulia pembeni ya jiko. Mtoto alikuwa mnene, alinitesa. Yule pale."

Akanyoosha kidole.

"Mama!" Sekiete akafoka. "Mama, umezeeka, umesahau!"

"Nilichokula jana nimekisahau," akasema bibi. "Wewe sijakusahau. Nilikunywa uji wa nyumba ile siku tatu, na leo umesimama njia panda unaitukana."

Mkuu wa baraza akasema polepole, "Sekiete, umetuambia mtu wa namna hiyo asikae na sisi. Mbona bado umekaa?"

Kicheko kilichopasuka hapo, nyani kule juu walikimbia! Sekiete akanyanyuka. Akatafuta pa kusimama, hapakuwepo.

"Chagua," mkuu akasema. "Ama maneno yako ni kweli, utoke barazani, maji ya mfereji uyasahau, na ng'ombe wako uwatenge. Ama ulisema uongo."

"Nilisema uongo," Sekiete akasema.

"Hatujasikia."

"Nilisema uongo!"

Wakamrudisha njia panda. Siku tatu, tangu jua kutoka hadi kuzama, alimwambia kila mpita njia, "Nyumba ya Nakijwa ni njema, mimi nilisema uongo." Mfuga nyuki akapita, akaambiwa. Mhunzi akapita, akaambiwa, akapanda mbio kwenda kununua.

Alichelewa. Nakijwa alikuwa amekwisha kupeana mkono na Nambike na Mbonea mbele ya wazee, kwa sharti moja, kwamba njia ya maji haifungwi. Nambike akasema, "Mama, tena mimi ndiye nitakayeitumia kuliko wote. Udongo wangu unakunywa sana."

Asubuhi ya kuondoka Nambike akauliza, "Mama, ukuta huu uliopinda, tuuache hivyo hivyo kwa ajili yako?"

"Uvunje," akasema Nakijwa. "Jiko lisogeze. Tanuri lako weka unapotaka. Usinitunzie kitu. Nyumba ya kutunziwa marehemu siitaki, mimi nipo hai."

Akatoka na mkeka mmoja na chungu kimoja, binti yake mbele, majirani nyuma. Walipofika kwenye kona ya njia ambapo nyumba inapotea machoni, Namkunda akasema, "Mama, geuka uiage."

"Nimeshaiaga, kwa viganja vyangu."

Lakini miguu ikagoma. Nakijwa akakaa juu ya jiwe, mgongo ameuelekeza mlimani, akalia. Alilia mpaka kanga ikalowa kifuani. Alimlilia mume, akamlilia mwana, akaililia na kona ile ya ndani. Hakuna aliyemnyamazisha.

Kisha akapenga kamasi, akanyanyuka, akamwambia binti yake, "Twende. Na ukifika kwako unionyeshe pa kuweka mkeka. Nikipakataa, tutabishana."

Wakashuka.

Hapo ndipo nilipoikuta hadithi, na hapo hapo naiacha. Aliyesinzia aamshwe na jirani yake. Aliye macho anyanyuke, anipe maji ninywe.

— Imekwisha?
— Imekwisha, na sisi tumebaki!