Komeo la Mlango wa Kliniki

Wapendwa, kaeni macho, maana mfano wa leo una moto!

Kulikuwa na mkunga mmoja hodari, mwenye huruma. Kila mjamzito aliyeingia kupimwa, mkunga alifunga mlango na kushusha komeo. Kwa nini? Amsitiri mwenzake, mtu asije akaingia ghafla. Ni jambo jema au baya? Semeni! Jema kabisa.

Sasa akaja mama mmoja, tumbo kubwa, mtoto amekaa vibaya. Komeo likalia kacha! Yule mama akaruka kutoka kitandani, akafungua mlango, mbio mpaka nje bila hata kandambili. Kwenye benchi watu wakacheka. "Mkorofi huyo!" Akarudi siku nyingine, akakimbia tena. Na bila kupimwa, ndugu zangu, yeye na mtoto wote wako hatarini!

Mkunga akamfuata mpaka getini, hasira zimempanda. Lakini alipoona yule mama anavyougeukia ule mlango kwa hofu, akajizuia.

"Dada, mle ndani kuna nini kinachokutisha?"

"Komeo, nesi. Niliwahi kufungiwa na mtu. Zaidi ya hapo sitaki kusema."

"Basi usiseme. Wewe ungependa tufanyeje?"

"Mlango ubaki wazi. Tuvute pazia, na mama mdogo niliyekuja naye akae hapo mlangoni."

Hayo tu! Mlango ukabaki wazi, mama mdogo akalinda pazia, na mkunga hakumgusa kabla ya kumwomba ruhusa. Akapimwa, akapelekwa hospitali kubwa mapema, akajifungua salama. Mtoto analia, mama anacheka! Haleluya!

Mnashangilia? Haya, ngojeni kwanza. Hapa kwetu mahubiri yakianza, wazee wa zamu wanafanya nini? Wanafunga milango! Tena kwa nia njema, vumbi lisiingie, watoto wasitoke. Na wale wanaosikiliza wakiwa nje, sisi tunawasemaje? Wanajidai. Hawana imani. Je, kuna hata mmoja wetu aliyewauliza wangependa tufanyeje?

Msigeuke! Msiwachungulie dirishani! Hawana wajibu wa kutueleza yaliyowapata. Sisi ndio tulioshusha komeo, sisi ndio tutakaoliinua. Wazee wangu, simameni sasa hivi, fungueni milango yote, kisha mrudi mkakae. Anayetaka ataingia kwa miguu yake, na asiyetaka atanisikia hukohuko nje.

Vumbi? Na liingie! Tutafagia wote.