Pua ya Sange na Picha Moja ya Kiboko

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa mtoni au pakawa shambani?

"Popote, Bibi, sema wewe!"

Basi pakawa njiani. Pakawa na mwenye mguu na mwenye pua. Nyie Sijali na Mwanaidi, acheni kuvutana hizo picha, zitachanika. Kaeni hapa, mmoja huku, mmoja huku. Atakayemfinya mwenzie namuona.

Haya. Alikuwepo Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, lakini panya siye. Miguu kama njiti, pua ndefu kama ya tembo aliyesahau kukua. Na pua yenyewe haitulii. Akila, nyuku-nyuku-nyuku. Akisema, nyuku-nyuku-nyuku. Akilala, nyuku-nyuku-nyuku. Alikuwa na watoto wawili wachanga, hata kukimbia hawajajua, na shimo lake kando ya mto, pakavu, pazuri.

Na alikuwepo Kiboko. Kiboko akitoka majini kwenda malishoni, anapita wapi? Juu ya shimo la Sange. Gubu! Gubu! Gubu! Shimo chini. Sange akachimba. Kesho yake gubu! gubu! gubu! Shimo chini. Sange akachimba. Mara ya tatu akamkosakosa mtoto mmoja kwa unyoya.

Sange akamfuata. "Shikamoo mjomba. Pita kando kidogo, hapo ni nyumbani kwa watu."

"Marahaba. Kando nipite mimi? Mimi na wewe nani mzito?"

"Wewe, mjomba."

"Basi hama."

Ahamie wapi na wachanga, na mvua inakuja? Akakaa na uchungu wake.

Sasa, mwaka huo wanyama walikuwa na wazimu wa picha. Kama nyie. Kima ndiye aliyeuleta. Kima anachora wanyama kwenye vikadi, anavifunga tanotano ndani ya jani la mgomba, anavitia guniani, huyo gulioni siku ya Ijumaa. Ukitaka pakiti, toa boga. Ndani yumo nani? Hujui mpaka ufungue. Zikiisha zile, Kima anachora nyingine. Wenyewe wanaita mzao. "Mzao mpya! Mzao mpya!" Kama mahindi vile.

Na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: kujua mapema ipi itapanda bei.

Mzao wa kwanza, wote walisema itapanda ya Simba. Kila mtu akaificha ya Simba, mwingine kwapani, mwingine chini ya mkia. Siku ya kubadilishana wakazitoa. Kila mtu Simba! Simba kumi hazipati hata jani la kisamvu. Za Chura, ambazo walikuwa wanafutia makamasi, zikabaki mbili tu. Nyumbu akatoa konde zima la muhogo apewe moja.

Mzao wa pili wakasema, aha, tumejua, ni Chura. Wote wakaficha Chura. Chura akaanguka, pu! Ikapanda ya Twiga, moja tu, ambayo Kima alikosea kukata, Twiga akatoka hana shingo. Twiga hana shingo! Ndiyo ikawa ghali. Mwenye shingo yake kamili akatupwa.

Mnaelewa? Mimi sielewi. Nimeihadithia tangu sijatoboa masikio, na hapo sijawahi kuelewa. Ni kama lile sinia la shaba la marehemu bibi yenu Asumini. Baba zenu wamenuniana kwa ajili yake mvua ngapi sasa, mpaka nikawekewa mimi nilitunze, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulia wali humo.

Haya. Siku ile Kima anamwaga zile picha za Twiga, Sange alikuwa anapita zake, ananusa mchwa. Pua ikaelekea kwa yule Twiga asiye na shingo, nyuku-nyuku-nyuku. Alikuwa ananusa mchwa, jamani! Lakini ilipopanda, Nyani akasema, "Mliiona ile pua? Pua ya Sange inajua." Kesho yake bonde zima, pua ya Sange inajua.

Ukatoka mzao wa tatu. Kiboko akapora maboga kwenye mashamba ya watu akanunua magunia matatu. Akazifungua zote, akazitandaza, akazitazama. Tembo, Simba, Chui, Pundamilia. Abakishe ipi? Akazungusha kichwa mpaka macho yakamtoka. Akaja. Gubu! Gubu! Gubu!

"Bi Pua! Toka nje!"

Sange akatoka.

"Nitajie ipi itapanda. Ijumaa gulio. Ukitaja ikawa sivyo, hapa sipiti tena kwa miguu. Nitabingirika."

"Na ikiwa ndiyo, mjomba?"

Kiboko akafikiri. "Ikiwa ndiyo, nitapita polepole."

Ona wema huo.

Sange akarudi ndani, akawaangalia wanawe. Anajua ipi itapanda? Hajui. Kima mwenyewe hajui. Akawaza Simba, akawaza Chura, akawaza Twiga, kichwa kikamuuma, lakini akaona jambo moja, na hilo moja lilimtosha. Akatoka tena, akainua pua juu, akaimba:

*Pua yangu, pua ndefu,*
*ipi tamu, ipi tupu?*
*Nyuku huku, nyuku kule,*
*mwenye boga asilale.*

"Mjomba, imepatikana. Ni ya Sange."

"Ya nani?"

"Ya Sange. Yangu mimi."

"Wewe! Si ndiyo takataka? Kila pakiti yumo! Nyani wanawashia moto!"

"Imesema pua, sikusema mimi. Kusanya za Sange zote, isibaki hata moja duniani. Toa Tembo, toa Simba, toa Chui, upewe Sange."

Kiboko akaenda. Akatoa Tembo, akapewa Sange arobaini, Nyani akacheka akaanguka mtini. Akatoa Simba, akapewa Sange hamsini. Akatoa Chui, wakamwongezea na gunia. Hata Kima akampa zilizobaki bure, akaosha mikono. Alhamisi, Sange zote za bonde ziko kwa Kiboko, lundo kama kichuguu.

"Bi Pua, tayari."

"Vizuri. Sasa meza."

"Nimeze nini?"

"Hizo. Bakiza moja."

Kiboko akakaa chini, pwaa. "Ngoja. Nilikuwa na Tembo na Simba na Chui. Nimetoa wote, nimepata Sange. Sasa nimeze Sange, nibaki na Sange mmoja?"

"Ndiyo."

"Halafu niwe tajiri."

"Halafu uwe tajiri."

"Mbona naona kama napungua?"

"Mjomba, kila tajiri aliona hivyohivyo siku ya kwanza."

Kiboko hakuelewa. Lakini mlafi, hata asipoelewa, kumeza anajua. Akafungua kinywa, kwaaa! Gwabu, gwabu, gwabu! Akabakisha moja.

Ijumaa akaingia gulioni ameibana mdomoni. "Ya Sange! Iko moja tu!"

Kila mtu akajipapasa. Huyu hana, yule hana. Nyani akalia kwa sauti, "Nilikuwa nazo arobaini!" Nyati akasema, "Nipe, chukua mbuga yangu yote." Tembo akasema, "Nipe mimi, chukua mikoche yangu yote." Ile takataka ya kuwashia moto!

Kiboko akakataa. Kama leo wanatoa mbuga, kesho si watatoa mto? Akarudi kwake anachekea tumboni. Akatia mguu majini, chubwi! Tone likarukia kadi, pembe ikaanza kujikunja.

"Mama yangu!" Akarudi nchi kavu mbio.

Aiweke wapi? Mdomoni kuna mate. Mgongoni kuna matope, na wale ndege wake wanadonoa kila kitu. Aiache ufukweni, Nyani yuko mtini anaangalia. Na yeye asipoingia majini ngozi inapasuka. Jua likamwakia, akasimama na kadi yake mdomoni, mali anayo na kuoga hawezi. Ikabidi aende. Safari hii hakuna gubu. Alienda kwa ncha za vidole.

"Bi Pua... shimo lako, kavu?"

"Lilikuwa kavu, mjomba, mpaka ulipolishindilia."

"Nikuwekee kitu."

"Kitu gani? Mimi mnyonge, nyumba yangu njia ya watu."

"Amana! Nakupa iwe amana!"

Aaa. Sasa hapo sikilizeni. Kwa wanyama wa bonde lile, amana ina miiko. Nyumba yenye amana haipitiwi juu. Aliyewekewa hafokewi. Na mwenyewe haji kuidai kwa ugomvi, akidai kwa ugomvi imeharamika. Kiboko aliyajua yote hayo, babu yake ndiye aliyeyaweka. Lakini ngozi ilikuwa inawasha. Akaitoa kadi kwa midomo miwili, Sange akaipokea kwa pua, nyuku-nyuku-nyuku, akaingia nayo.

Tangu siku hiyo Kiboko akitoka majini anazunguka mbaaali, nyuma ya mianzi, ndipo aende malishoni. Na akishiba anakuja kusimama mlinzi. Nyati akitokea, "Pita kule! Mbona unakanyaga kama mlevi? Hapo kuna nyumba!" Mvua ikija anajilaza kando ya shimo kama ukuta, maji yasiingie. Watoto wa Sange wakakua kwenye kivuli chake.

Na kadi? Kadi siku ya pili tu watoto waliitandika wakailalia. Siku ya tatu waliikojolea. Siku ya nne meno yaliwaota, wakaitafuna kuanzia puani. Sange akaangalia vipande, akavifagia nje.

Kila asubuhi Kiboko anainama shimoni. "Haijambo?"

"Haijambo, mjomba."

"Imepanda?"

"Inapanda."

"Niitoe sasa?"

"Pua inasema bado."

Kiboko anacheka, "Niliwaambia mimi!" anaingia majini. Na kweli inapanda! Mara ya mwisho niliposikia, Tembo alikuwa anatoa msitu mzima. Kwa kitu kisichokuwepo! Mwenye kadi hana kadi, na bado ndiye tajiri. Asiye na kitu ndiye anayelindwa. Hapo ndipo mimi napotea kabisa.

Unasemaje, Mwanaidi? Nani alikuwa na mali? Sijui, mjukuu wangu. Muulize Sijali, kasoma mpaka darasa la tano.

Hadithi yangu imeingia shimoni. Mwenye pua aifuate, mwenye mguu azunguke.

Na funzo lake? Funzo lake ni kwamba wakubwa wana huruma, ona Kiboko alivyolinda watoto wa mwenzie. Na funzo la pili, amana usimwekee mdogo mwenye maneno matamu, mwekee mtu mzima. Kwa hiyo leteni hizo picha zenu hapa kwenye kanga yangu. Zote. Na hiyo ya chini ya kalio, Sijali. Nitawatunzia mpaka mpatane. Na kesho mmoja anichotee maji, mmoja anipepetee mchele, msigombane nani kaanza.

"Bibi, na lile sinia la Bibi Asumini liko wapi?"

Halijambo, mwanangu. Linapanda.