Tisini Inayodaiwa Kulala

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekaa kwenye dirisha la zahanati ya mtaa miaka ishirini na miwili akiita majina ya wagonjwa. Alijua mtoto wa nani anaumwa nini, na nani kaazima mtoto wa jirani ili aruke foleni. Asubuhi moja, akichemsha chai, kiharusi kikampiga. Miguu ilirudi. Mkono ulirudi nusu. Maneno hayakurudi.

Mnaelewa maana yake, ndugu zangu? Anasikia kila kitu. Anataka maji, anajua kabisa kuwa ni maji, lakini akilitafuta neno halipo pale alipoliacha. Kila asubuhi binti yake anampangia mezani vyombo vya jikoni, naye anavitaja kimoja kimoja, jasho likimtoka kama analima. "Ki... ki... kijiko." Nusu saa tu, kisha analala kama mtu aliyeshusha lori la magunia. Kila Jumatano wanakwenda hospitali ya wilaya, kwa nesi anayemrudisha kwenye kuongea.

Jumamosi moja kikaitwa kikao cha ukoo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa semina za mafanikio, akafika mapema na kumkuta amelala.

"Saa nne hii, shemeji! Jua lote hili!"

"Baba mdogo, mama katoka kwenye mazoezi," binti akasema. "Leo ametaja vitu sita."

"Sita! Mjukuu wangu wa chekechea anataja mia."

Watu waliokwisha kufika wakacheka, kile kicheko cha kumridhisha mgeni.

Mama akaamshwa, akakalishwa kwenye kochi. Shemeji akasimama kama yuko ukumbini. "Wataalamu wanasema binadamu tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo. Kumi! Sasa kilichoguswa kwa shemeji ni kidogo katika hiyo kumi. Tisini imelala humo, mpya, haijatolewa hata kwenye nailoni. Shida hajitumi, anadekezwa. Aje kijijini kwangu. Kule ataongea tu."

Mama akatazama mikono yake. Kijijini hakuna nesi wa Jumatano. Hata hayo maneno machache aliyoyaokota yangemponyoka huko. Alitaka kusema jambo moja tu, kwamba anabaki. Alilishika, likateleza.

"Nani kakwambia hiyo kumi, baba mdogo?" binti akauliza. "Sisi nesi alituonyesha picha. Palipokufa ni padogo kama punje ya harage. Harage moja, na mama kapoteza mpaka jina langu! Kama sehemu kubwa imelala tu, hilo harage lilikosaje kuangukia huko? Ubongo wote unafanya kazi, hata ukiwa usingizini. Na wa mama unafanya kazi kuliko wetu sote humu ndani."

"Ndiyo shule mnayosomeshwa hiyo? Kubishana na wakubwa?" Akamgeukia mama. "Haya, aseme mwenyewe. Shemeji, unataka nini? Sema, yaishe."

Mama akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Na..." akasema. "Na... na..."

Mnangoja amalizie, sivyo? Naona mlivyoinama mbele. Tumezoea mifano inayoishia hapo, mgonjwa anafunguka, vigelegele vinapigwa, tunarudi nyumbani tumeshiba.

Hakumalizia. Jumatatu gari lilikuja, likampeleka kijijini.

Sasa sikilizeni. Ukimtoa mgonjwa, ukamtoa na shemeji, sebule ile ilikuwa na watu kumi wazima. Shangazi alijua kwamba mama hadekezwi. Jirani aliyewasindikiza hospitali alijua. Mzee wa kanisa alijua, na Biblia ilikuwa mapajani mwake. Aliyemtetea ni binti peke yake, akaambiwa hana adabu. Wale tisa wengine, ambao ndimi zao hazikuguswa na kiharusi chochote, walikunywa soda.

Sisi ndio wale tisa. Tunamwona mtu ametumia kila alichonacho ili kutaja kijiko, halafu tunamwambia jitahidi, amini, una uwezo mkubwa umelala ndani yako. Ni rahisi kusema hivyo, maana maneno hayo hayatudai kitu. Ukishaamini kwamba aliyechoka ana tisini kabatini, huna haja ya kumbebea hata ndoo. Mwanamke anauguza watu wawili nyumba moja, tunampa nini? Tunampa "jikaze." Mungu hakumpa mtu ubongo wa kuweka akiba, jamani. Ametupa wote, wote unafanya kazi, na unachoka. Kuchoka si dhambi. Kumwona aliyechoka ukamwita mvivu, hiyo ndiyo tuitubu.

Kwenye karatasi ya maombi leo kuna majina manne ya waliopoteza usemi. Tutawaombea. Ila tusimwombe Mungu afungue vinywa vyao wakati vya kwetu vimefungwa, na hatuumwi.