Kiapo cha Fundi Karsan

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikigonga jiwe huvimba na kutoka damu, kisha Mwenyezi Mungu hukiponya. Ulimi ukigonga moyo wa mtu, hakuna kitambaa cha kulifungia jeraha hilo. Fundi Karsan wa Ujiji alijifunza hayo akiwa na miaka sitini na minane.

Karsan alikuwa Mhindu, fundi wa mashine za boti. Alizaliwa Ujiji, akafiwa na mke hapo hapo, akabaki na binti yao mmoja, Hansa. Kila jioni, mikono ikinuka petroli, alikaa barazani na kuwasimulia majirani hadithi za kale za dini yake: miungu walioshuka duniani kwa magari ya dhahabu, na mashujaa waliorusha mishale mpaka jua likafichika. Jirani yake Saumu, mjane aliyekaanga mihogo kando ya baraza ile, alizijua zote kwa kusikia.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mfalme Dhirasena. Mwana wa mfalme huyo alimwoa binti wa wawindaji wa msituni bila idhini. Mfalme akanyoosha mkono juu ya mwali wa moto, akaapa mbele ya mungu wa moto kwamba hatauona tena uso wa mwanawe. Kijana akasimama langoni masika matatu akiomba radhi. Mfalme hakugeuza shingo. Miungu wakaustaajabia uthabiti wake, wakamnyeshea maua, wakamletea gari la dhahabu limpeleke mbinguni.

"Na yule aliyesimama langoni?" Saumu aliuliza kila mara.

"Hadithi haisemi, Bi Saumu."

"Basi aliyeitunga hakuzaa."

Watu walicheka, na Karsan mwenyewe alicheka.

Siku moja Hansa alimleta nyumbani Oswald, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Simbo, Mkristo, kijana mpole aliyesalimia huku ameinama. Hansa alisema kwamba wanataka kuoana. Karsan alimpa mgeni mgongo. Aliwasha taa ya samli mbele ya picha za miungu wake, akaweka kiganja juu ya mwali.

"Moto huu uwe shahidi," alisema. "Ukiondoka na mtu huyu, maadamu mimi ni hai, sitauona uso wako."

Maneno yale yalimtoka kama nati inayomponyoka fundi juu ya maji. Aliyaona yakizama, asiweze kuyadaka. Kabla samli haijaisha kwenye taa alikuwa amekwisha kujuta. Lakini alimkumbuka Dhirasena, akaona haya kuwa mdogo kuliko mfalme. Hansa akaondoka.

Miaka miwili ikapita. Kila Jumamosi Hansa alituma kutoka Simbo kikapu cha maharage, mboga na matunda, kwa sababu alijua baba yake hali nyama wala samaki. Kikapu kilirudi kitupu, bila salamu.

Mwezi wa kumi alikuja mwenyewe, akiwa na mimba ya miezi saba. Karsan alikuwa karakanani mwake akifunga kabureta. Aliposikia hatua zile aligeukia ukuta.

"Shikamoo, Baba. Usigeuke, najua. Nimekuja kuomba baraka, nijifungue salama."

Hansa akapiga magoti kwa shida nyuma yake, amguse miguu kama binti wa Kihindu anavyomgusa mzazi anapoomba baraka. Kwa kuwa hakuweza kufika mbele, vidole vyake vilitua visiginoni. Mkono wa Karsan ulipaswa kushuka juu ya kichwa cha mwanawe. Ulibaki umeshika bisibisi.

"Haya, Baba," Hansa alisema. "Lakini hiyo skrubu umeikaza mno, itakatika."

Alipoondoka, Saumu aliliacha karai lake la mihogo akaingia karakana.

"Mzee Karsan, kiapo kina kafara. Kwetu mtu akiapia jambo baya, na hana uwezo wa kulisha maskini, hufunga siku tatu, na Mungu ni mwingi wa rehema. Dini yenu haina mlango wa nyuma?"

"Mfalme hakugeuka."

"Mfalme alikuwa na jeshi la kumzika. Wewe una mimi na karai langu."

Neno hilo lilimwingia. Tangu siku ile alisali kila alfajiri akiomba afunguliwe. Akaazimia kwamba sikukuu ya taa ikifika, wiki tatu mbele, atawasha taa mpya, ataomba radhi kwa moto uliomshuhudia, kisha atakwenda Simbo. Alinunua hata shali ya mtoto.

Ilibaki wiki moja. Asubuhi Oswald alimpigia simu Saumu. Uchungu ulimshika Hansa kabla ya siku zake kutimia, akajifungua nyumbani, damu ikamtoka nyingi. Alikufa njiani wakielekea mjini. Mtoto wa kike alikuwa hai.

Saumu alizima jiko, akaketi chini barazani, akamweleza jirani yake. Karsan hakulia. Aliuliza tu, "Sikukuu ni lini?"

"Wiki ijayo, Mzee."

"Wiki ijayo," alirudia.

Siku ya mazishi huko Simbo, Karsan akiingia uani kwa Oswald, aligonga kidole gumba cha mguu kwenye jiwe, ukucha ukang'oka. Alitembea bila kuangalia chini. Katekista aliwaita wazazi wamuage marehemu. Waombolezaji wengine walikuwa wameshapita na kumwona, lakini sasa uso wa Hansa ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, Baba," Oswald alisema kwa sauti iliyokauka. "Ni yeye aliyeniagiza. Tulipokuwa njiani alisema, 'Baba akija nifunike uso. Amekilinda kiapo chake muda mrefu, asije akakivunja kwa ajili yangu.'"

Karsan alisimama. Kisha akanyoosha mkono uleule alioapia juu ya mwali, akakiondoa kitambaa, akautazama uso wa mwanawe.

"Hansa," alisema, "Baba amegeuka."

Akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake, baraka ile ambayo Hansa alikuja kuiomba. Kichwa kilikuwa baridi.

Miezi michache baadaye majirani walikusanyika tena barazani. Oswald alikuwa amemleta mtoto kusalimia, naye alilala kwenye shali mapajani mwa babu yake. Jirani mmoja, bila kufikiri, aliomba hadithi ya Dhirasena.

"Nimeujua mwisho wake," Karsan alisema. "Gari la dhahabu lilipofika, mfalme hakupanda. Aliwaomba miungu wayachukue maua yao wakayamwage langoni. Wakamwambia kwamba pale langoni hakuna mtu tena."

Saumu, aliyezoea kuuliza, safari hii aliipua tu mihogo yake. Karsan aliinama kumfunika mtoto miguu, akauona mguu wake mwenyewe. Ukucha mpya ulikuwa umeota, na kovu halikuonekana. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.