Kifaru Aliyetaka Kulindwa

Jamani, mpo?
"Tupo!"
Masikio mmekuja nayo?
"Tumekuja nayo!"
Yategeni basi, naanza.

Palikuwa na ukuta wa mawe uliojengwa na mababu wa wanyama wote. Nyayo zao zilichongwa humo, na kila mama alimpeleka mwanawe kuziona. Pimbi na wanawe waliishi kwenye nyufa zake.

Kifaru akapata mkokoteni. Njia ya kuzunguka mlima ilikuwapo, lakini yeye akapasua katikati ya ukuta. Asubuhi anapita na matikiti, ndi! ndi! ndi! Jiwe linaanguka, pu! Jioni anapita na matikiti, ndi! ndi! ndi! Jiwe linaanguka, pu! Siku moja jiwe likamkosakosa mtoto wa Pimbi.

Pimbi akawaendea Korongo, wakaguzi wa Baraza la Mataifa, wanaoruka nchi hadi nchi kukagua mambo ya kale. Mkuu wao, Bi Korongo, akasikitika sana.

"Kitu cha kale kikiwa chini ya ulinzi wetu hakisogei, wala mkokoteni haupiti karibu nacho. Lakini lazima mwenye mkokoteni akubali kwa hiari yake."

"Atakubali," akasema Pimbi, akamfuata Kifaru.

"Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Marahaba. Nipishe!"

"Napisha. Ila kuna wageni wanatafuta kitu cha kale wakitunze. Kitaogeshwa, kitaletewa majani, kitasifiwa. Nadhani watauchagua ukuta."

"Ukuta? Kwani ngozi yangu hawajaiona? Mikunjo yote hii!"

"Lakini kuna masharti, bwana..."

"Nayakubali yote!"

Akaapa mbele ya wanyama. Wakamsimamisha kando ya ukuta, nyuki wakawekwa walinzi. Akaogeshwa, akasifiwa, akatabasamu. Kisha akakumbuka matikiti yake. Akainua mguu.

Vuuu! "Kitu cha kale hakisogei!"

"Basi nileteeni mkokoteni!"

Vuuu! "Mkokoteni haupiti karibu na kitu cha kale!"

Jua likamchoma mpaka akalia. "Mimi si wa kale! Mimi bado kijana!"

"Nani ashike nafasi yako, kwa masharti yale yale?" akauliza Bi Korongo.

"Ukuta! Upeni ukuta!"

Akaapa tena. Nyuki wakahamia ukutani, mkokoteni ukazunguka mlima. Wanyama wakayarudisha mawe, na yale mazito akayabeba Kifaru, akinung'unika. Watoto wa Pimbi wakalala mchana kutwa bila kushtuka.

Funzo lake, wanangu: ukitaka raha duniani, uwe mkubwa, uwe na mkokoteni, na masharti usiyasikilize.

Yangu nimeyatua hapa. Mwenye swali amuulize Kifaru, maana mpaka leo anasema alishinda yeye.